Rede, kombolela, netiboli au kamba: mchezo upi utawafundisha watoto wako kushirikiana?

Jumamosi moja nilikuwa na watoto 26 kwenye kiwanja cha mchanga hapa Tanga, wanacheza rede. Nilipopiga filimbi ya kupumzika ndipo nilipomwona mtoto mmoja wa darasa la tatu chini ya mwembe, anachorachora mchangani kwa kijiti. Alipigwa na mpira wa kwanza kabisa, akatoka, na kwa karibu nusu saa nzima hakuna aliyemkumbuka, nami nikiwemo. Wenzake walikuwa wamecheka, wamekimbia, wametoka jasho. Yeye alikuwa amejifunza jambo moja tu: kwamba mchezo unakwenda vizuri bila yeye.

Tangu siku hiyo kila mchezo ninaotaka kuwachezesha watoto nauuliza maswali mawili. Anayetolewa, au anayezidiwa, anakwenda wapi? Na wenzake wana sababu gani ya kumhitaji? Tumezoea kusema kwamba michezo ya kundi hufundisha ushirikiano, na mimi mwenyewe nimelisema hilo mara nyingi mbele ya wazazi. Lakini watoto 20 kuwa kiwanja kimoja hakujawa ushirikiano bado, kama ambavyo abiria 20 wa daladala moja hawajawa timu. Kuna michezo inayomlazimisha mtoto kumtazama mwenzake, na kuna michezo inayomruhusu amsahau kabisa.

Nalinganisha sita ninayoichezesha mara kwa mara. Yote ni ya kukimbia au kutumia nguvu, maana watoto wetu wanakaa sana siku hizi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani walau dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili mpaka moyo uende mbio. Umri na idadi katika jedwali hili ni makadirio yangu ya uwanjani, yachukue hivyo.

| Mchezo | Umri | Idadi | Vifaa | Anayetolewa au kuzidiwa |
|---|---|---|---|---|
| Rede | 7–13 | 8–16 | Mpira laini, chupa, mchanga | Hukaa pembeni |
| Kombolela | 7–12 | 6–15 | Kopo tupu | Husubiri kukombolewa |
| Netiboli | 9 na zaidi | 14 | Mpira, pete mbili, filimbi | Hatolewi, ana eneo lake |
| Chandimu (soka ya mtaani) | 7 na zaidi | 6–10 | Mpira wa makaratasi | Hupelekwa golini |
| Kuvuta kamba | 8 na zaidi | 8–12 | Kamba nene | Hujificha katikati ya wenzake |
| Paka na panya | 4–8 | 10–25 | Hakuna | Hurudi kwenye duara |

Rede na kombolela

Hii miwili naiweka pamoja kwa sababu ndiyo watoto huichagua wenyewe, na kwa sababu inafanana kwa juu na kutofautiana sana kwa ndani.

Rede wengine huiita nage. Kenya ina ndugu yake anayeitwa kati, na Uganda kuna kwepena. Walengaji wawili wanasimama, mmoja huku mmoja kule, wanarushiana mpira wa soksi au makaratasi. Timu ya pili iko katikati inakwepa. Kwenye mchanga pana chupa, na wanaokwepa wanatakiwa waijaze kwa viganja kabla hawajaisha wote. Sheria ndogondogo hubadilika mtaa kwa mtaa, na watoto wanaohamia kutoka mtaa mwingine huanza kwa kubishana. Waache wabishane.

Chupa ndiyo inayoifanya rede iwe mchezo wa timu. Ukiiondoa, kila mtoto anakwepa kwa ajili ya ngozi yake. Ukiirudisha, lazima wagawane kazi. Wenye miguu myepesi wanacheza na macho ya walengaji, wanakwenda mbele na kurudi ili mpira uwafuate wao. Mwingine anapiga magoti kujaza, na aliyepiga magoti amewapa mgongo walengaji wa upande mmoja, hivyo anamhitaji mtu wa kumwambia "inama!" au "kushoto!" naye amwamini bila kugeuka. Nimeona mtoto mzito wa mbio, ambaye kwenye kukimbizana huwa wa kwanza kukamatwa, akawa mjazaji anayegombewa na timu zote mbili kwa sababu ana viganja vikubwa na hana papara.

Kasoro ya rede nimeshaisema pale chini ya mwembe. Anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayetoka mapema zaidi, na bingwa anabaki uwanjani akizidi kuwa bingwa. Katika mzunguko wa dakika kumi, mtoto dhaifu anacheza moja na kutazama tisa.

Niliponya hilo kwa kanuni mbili, na ya pili ni muhimu kuliko ya kwanza. Ya kwanza: anayedaka mpira kabla haujagusa chini anamrudisha mwenzake mmoja. Ya pili: anayerudi ni yule aliyetoka wa kwanza. Bila hiyo ya pili, watoto watamrudisha bingwa wao kila mara na yule wa chini ya mwembe ataendelea kuchora. Nikaona pia kwamba aliyeketi pembeni sasa hachori tena. Anasimama, anapiga kelele, anamwelekeza mwenzake mpira unakotoka, kwa sababu kurudi kwake kunategemea mikono ya mtu mwingine.

Kuhusu mpira: uwe laini. Mpira wa kujazwa upepo ukirushwa kwa nguvu na mtoto wa miaka 12 unamuumiza wa miaka 8, na hofu ya maumivu humfanya ajitoe kabla hajatolewa. Kichwa hakilengwi, na aliyelenga kichwa ndiye anayetoka.

Kombolela ni jambo jingine. Mmoja analipiga kopo teke liende mbali, mlinzi analifuata na kulirudisha mahali pake, na wakati huo wenzake wote wamekwisha kujificha. Mlinzi anatafuta. Akimwona mtu anamtaja jina na mahali alipo, kisha wanakimbilia kopo. Mlinzi akiligusa kwanza, aliyetajwa amenaswa na anasimama karibu na kopo. Watoto wengine hubadilishana mashati huko mafichoni ili mlinzi akosee jina. Lakini wakati wowote, mmoja ambaye bado hajaonekana anaweza kuchomoka, akalipiga kopo, akapaza sauti "kombolela!" na wote walionaswa wakawa huru.

Jina la mchezo limetoka kwenye kukomboa, na huko ndiko tofauti yake na rede iliko. Yule aliyebaki mafichoni yuko salama. Hana anachopata kwa kutoka. Akitoka anaweza kunaswa naye. Anatoka kwa sababu tu wenzake wamesimama pale juani wanamngoja, tena wanamtazama kwa macho ya kumwita huku wakijitahidi wasimuuze kwa mlinzi. Sijui mchezo mwingine wa mtaani ambamo mtoto wa miaka tisa anajihatarisha kwa ajili ya wengine, kwa hiari, bila kuambiwa na mtu mzima, mara tatu au nne kwa jioni moja. Wala mkombozi hahitaji kuwa mwenye mbio kuliko wote. Mara nyingi ni yule mdogo, mkimya, ambaye mlinzi alimsahau.

Na aliyenaswa hajatoka mchezoni. Anakohoa kumpotosha mlinzi, anaangalia upande usio na mtu, anahesabu nani bado. Anajua kwamba yuko akilini mwa mtu.

Anayeumia kwenye kombolela ni mlinzi. Anakabili kundi zima peke yake, na mlinzi mwenye mbio ndogo anaweza kulinda mpaka machozi yamtoke. Hapo mtu mzima aingilie mapema. Mimi huweka walinzi wawili wakizidi watoto wanane, na kopo likipigwa mara tatu walinzi wanabadilishwa. Walinzi wawili wanapaswa kukubaliana nani abaki na kopo nani akatafute, na hapo wewe umepata somo jingine la kushirikiana bila kulipanga.

Kuna suala la usalama nisiloweza kulipita. Watoto hujificha popote: kwenye nyumba isiyokwisha kujengwa, karibu na shimo la choo, chini ya gari lililoegeshwa. Kabla ya kopo kupigwa, tembea nao mipaka yote minne kwa miguu, wasiionyeshwe kwa kidole tu. Hakuna kuingia ndani ya nyumba wala chumba cha mtu yeyote, na hakuna kujificha na kijana mkubwa asiye wa kundi. Zamani tuliicheza kwenye mbalamwezi, na najua utamu wake, lakini kundi nililokabidhiwa na wazazi wa watu naliachisha kabla ya adhana ya magharibi.

Netiboli na chandimu

Ukiwa na uwanja na watoto wakubwa kidogo, hapa ndipo utakapokuwa unasita.

Netiboli, au mpira wa pete, ni mchezo ambao sheria zenyewe zinakataza ubinafsi. Wachezaji ni 7 kila upande. Mwenye mpira haruhusiwi kukimbia nao, na lazima autoe ndani ya sekunde 3. Kila mchezaji ana herufi kifuani inayosema maeneo anayoruhusiwa kuingia, na katika saba hao ni wawili tu wanaoweza kufunga. Maana yake ni kwamba hata uwe na mtoto mwenye kipaji cha ajabu, hawezi kuutoa mpira nyuma akaufikisha peteni peke yake. Lazima upite mikononi mwa wengine, na wale wengine wajiweke mahali pa kuonekana.

Nilipowaleta wavulana wangu wa chandimu kwenye netiboli, wiki ya kwanza filimbi haikutulia. Wanashika mpira wanaanza kukimbia. Wanashika mpira wanaukumbatia. Kufikia wiki ya tatu au ya nne niliona kitu ambacho sikukitegemea: walianza kuinua macho kabla mpira haujawafikia, kutafuta nani yuko wazi. Baadaye waliporudi kwenye chandimu, tabia hiyo walirudi nayo. Kwa hiyo mzazi anayesema netiboli ni ya wasichana namwomba aje atazame Jumamosi moja. Vivyo hivyo kwa mzazi anayemzuia binti asicheze kwa sababu ya sketi fupi. Suruali ndefu na hijabu havimzuii mtoto kudaka wala kutoa pasi, na hapa kwetu wengi wanacheza hivyo.

Gharama yake ni kwamba inahitaji maandalizi. Uwanja kamili una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, na pete iko mita 3.05 kutoka chini. Kwa watoto chini ya miaka kumi hivyo vyote ni vikubwa. Mwombe fundi wa kuchomelea akukunjie nondo mbili ziwe pete, uzifunge kwenye nguzo kwa urefu ambao mtoto anaweza kufunga walau mara moja kati ya tano. Mechi rasmi ina robo 4 za dakika 15. Mimi huchezesha robo za dakika sita, na kila robo watoto wanabadilishana nafasi, kwa sababu anayewekwa mlinzi wa nyuma mwezi mzima huishia kuchunguza kucha zake mpira ukiwa upande wa pili. Na lazima awepo mtu anayezijua sheria. Netiboli bila refa hugeuka ugomvi wa sekunde ngapi zimepita.

Chandimu haihitaji refa, na hilo ndilo lililo jema kwake. Ndala mbili ni goli, mpira ni makaratasi na nailoni iliyofungwa kamba, kila jambo linaamuliwa na wachezaji wenyewe: mpira ulipita juu ya goli lisilo na mwamba au haukupita, tuta ni hatua ngapi, mwisho ni goli tatu au adhana. Mtoto anayekulia kwenye chandimu anajua kubishana bila kuvunja mchezo, na hilo netiboli yenye filimbi haimfundishi.

Ila chandimu haina huruma. Dhaifu anapelekwa golini na kulaumiwa huko huko. Mwenye mpira akinuna, mchezo umekwisha. Ninachofanya ni kuwaketisha kwanza watengeneze mpira pamoja ili usiwe wa mtu, kisha timu zisizidi watu watano, na goli halihesabiwi mpaka watu watatu wa timu wameugusa mpira kwenye shambulizi hilo. Golini wanapokezana kila baada ya goli. Baada ya hapo naondoka nikakae mbali.

Kuvuta kamba

Ukimwambia mtu yeyote akutajie mchezo wa ushirikiano, atakutajia kamba. Kwa macho ni kweli: watu wote upande mmoja, nguvu moja, sauti moja. Wavuvi wa pwani wanapovuta juya hufanya hivyo hivyo kwa wimbo, na wito wa "harambee!" ulikuwa wito wa kazi nzito ya pamoja kabla haujawa kauli ya taifa la Kenya. Watumishi wa serikali hapa Tanzania huvuta kamba kwenye mashindano ya SHIMIWI, na kuanzia 1900 hadi 1920 ulikuwa mchezo wa Olimpiki.

Lakini ukiutazama kwa maswali yangu mawili, kamba inayumba. Kuna mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliyechapisha mwaka 1913 vipimo vya watu wakivuta kamba, mmoja mmoja kisha kwa makundi. Alikuta kwamba kadiri kundi linavyoongezeka, ndivyo kila mtu anavyotoa nguvu ndogo zaidi. Kundi likifika watu wanane, kila mmoja alikuwa anatoa karibu nusu ya ile aliyoweza kuitoa akiwa peke yake. Sehemu ya upungufu huo hutokana na watu kutovuta kwa pigo moja. Sehemu nyingine ina jina ambalo kila mwanafunzi aliyewahi kulima shamba la shule analijua: kutegea.

Kwenye kamba ya watoto ishirini huwezi kujua nani anavuta na nani anakunja uso tu. Mtoto dhaifu hatolewi, hilo ni jema, lakini pia hakuna anayejua kama yupo. Ndiyo maana sizidishi watoto wanne hadi sita kila upande. Hapo anayetegea anaonekana, na anayejitahidi anaonekana pia. Mmoja wao simpi kamba. Yeye ni wa kuhesabu na kuimbisha, kwa sababu kuvuta kwa pigo moja ndiko kunakoshinda, na mara nyingi nafasi hiyo humfaa mtoto mwenye mwili mdogo na sauti kali. Mtoto mwenye ulemavu wa miguu ameifanya kazi hiyo kwangu vizuri kuliko sote.

Kuna jambo la pili, zito zaidi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwachukua wavulana 22 wa miaka 11 hivi kwenye kambi ya Robbers Cave, jimbo la Oklahoma, Marekani, wakawagawa makundi mawili na kuwashindanisha: besiboli, kuvuta kamba na mengineyo, kwa zawadi. Ndani ya kila kundi urafiki ulishikamana kweli. Baina ya makundi yaliingia matusi, bendera ya upande mmoja ikachomwa moto, wakavamiana kwenye vibanda vya kulala. Watafiti wakajaribu kuwakalisha pamoja kwenye chakula, wakarushiana chakula. Kilichowapatanisha ni shida zilizowahusu wote, ambazo watafiti walizipanga kwa siri. Mojawapo ilikuwa lori la chakula lililokataa kuwaka. Wavulana wakaenda kuchukua kamba, ile ile waliyokuwa wakivutana nayo, wakaifunga kwenye lori, wakalivuta wote pamoja.

Nalikumbuka jaribio hili kila tunapotangaza mashindano ya darasa hili na lile. Mashindano hujenga undugu wa ndani na uadui wa nje kwa wakati mmoja, kwa hiyo timu zangu hazidumu zaidi ya siku moja. Jumamosi ijayo wanachanganywa upya, na aliyekuvuta juzi leo anavuta nawe.

Upande wa usalama: mtoto asiizungushe kamba mkononi wala kiunoni, kamwe. Mwaka 1997 mjini Taipei zaidi ya watu elfu moja waliivuta kamba moja ya nailoni, ikakatika, na wanaume wawili wakapoteza mikono. Nailoni hunyooka kama mpira kabla ya kukatika, na ikikatika hurudi kwa kishindo. Sisi wa Tanga tuna katani, kamba ya katani hainyooki hivyo. Tafuta iliyo nene inayojaa kiganja, na ikikwaruza, loweka kidogo sehemu za kushikia. Kamba nyembamba ya kuanikia nguo haifai hata kwa mchezo wa dakika moja.

Paka na panya, kwa wadogo

Kwa watoto wa chekechea na darasa la kwanza, sahau yote yaliyotangulia. Waambie washikane mikono wafanye duara, mmoja awe panya ndani, mmoja awe paka nje. Duara linainua mikono panya apite, linaishusha paka azuiwe. Panya akikamatwa anarudi kwenye duara, mwingine anaingia. Hakuna anayekaa pembeni, na mtoto wa miaka mitano anapata kazi anayoielewa barabara: kumlinda mwenzake kwa kuushika vizuri mkono wa jirani. Mkono ukiachiwa, paka ameingia, na wote wanaona palipoachiwa. Dakika kumi zinatosha, wakichoka hubadilika kuwa vilio.

Kabla ya mchezo wowote, jinsi ya kugawa timu

Hapa ndipo walimu wengi tunapoharibu kabla hatujaanza. Unawateua manahodha wawili, wanachaguana mmoja mmoja, na kila mara wanabaki wale wale wawili wa mwisho ambao nahodha anawapokea huku akiguna. Mtoto huyo ameshaambiwa thamani yake mbele ya kundi zima, hata ukicheza mchezo gani baada ya hapo. Wahesabishe moja, mbili, moja, mbili kwenye mstari. Marafiki watajipanga kwa hesabu ili waangukie timu moja, watoto ni wepesi wa hilo; basi wapange kwanza kwa mwezi wa kuzaliwa ndipo wahesabu. Nguvu zikizidi upande mmoja, simamisha mchezo na uwaulize wao wenyewe nani ahamie wapi. Mara nyingi bingwa mwenyewe hujitolea kuhama, maana ushindi rahisi humchosha hata mtoto.

Uchague upi?

Inategemea una watoto wa namna gani na wana shida gani.

Kama kundi lako ni geni, hawajuani majina, anza na kombolela. Mlinzi analazimika kujua majina ili awataje, na hakuna njia ya haraka zaidi ya hiyo ya kumfanya mtoto mgeni atajwe jina na wenzake. Kama una mtoto anayetengwa, kombolela tena, kwa sababu siku moja ndiye atakayekuwa mkombozi bila wewe kupanga. Kama una mabingwa wawili watatu wanaomeza mpira na wengine kuwa watazamaji, wapeleke kwenye netiboli kwa wiki nne mfululizo, hata wakilalamika. Kama watoto wanakimbilia kwako kwa kila ugomvi mdogo, waachie chandimu na usiamue chochote isipokuwa ngumi. Kama una nafasi ndogo, uchochoro au ua wa nyumba, rede ndiyo itakayoenea, ila usiichezeshe bila chupa na bila ile kanuni ya aliyetoka wa kwanza kurudi wa kwanza.

Kamba siitumii peke yake. Naiweka mwisho wa siku, baada ya michezo ya kushindana, na siku hizi siwapangi pande mbili. Nimepata gurudumu bovu la trekta, naliweka katikati ya kiwanja na kulijaza mchanga, nalifunga kamba, na kuwaambia watoto wote 26 walifikishe chini ya mwembe. Wanne hawaliwezi, nane wanalisogeza hatua chache. Wanaanza kuitana. Yule wa darasa la tatu ndiye anayewahesabia siku hizi, amesimama juu ya mzizi, na hawavuti mpaka aseme.